"Mama, Nataka Kupiga Picha za Magari"

Mtoto akisema anataka kuwa mwalimu au muuguzi, mzazi hushukuru. Akisema anataka kushona nguo, mzazi huuliza bei ya cherehani. Lakini binti wa miaka 19 akisimama mbele ya mama yake na kusema, "Mama, mimi nataka kupiga picha za mashindano ya magari," mama huyo ajibu nini?

Swali hilo ndilo lililotufikisha Igawa. Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alituomba tufike nyumbani kwake tuzungumze na binti yake. Kusema kweli, alitaka tumsaidie kumkataza. Tulikwenda, tukaketi, tukasikiliza. Yale tuliyoyasikia ndiyo tunayowaletea hapa, kwa sababu tunaamini zipo nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii, hata kama anachokitaka si kamera. Majina ya wenyeji wetu hatutayataja. Tulikubaliana nao hivyo.

Kijiji cha barabarani

Igawa iko wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Ukitoka Makambako unaiacha baridi ya nyanda za juu, unashuka, na mara joto la bonde la Usangu linakupokea. Huko ni mpunga kila upande. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na watoto wa barabarani hujifunza kutambua aina ya gari kwa mlio wake kabla hawajajua kusoma.

Bibi mzaa baba wa binti huyo alitusalimu kwa "Kamwene", akatukaribisha mkekani. Alipoelezwa shida yetu alicheka. "Kwani vumbi la magari limeanza leo?" akauliza.

Bibi anasema kweli. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ikabidi petroli ya Zambia ipakiwe kwenye malori bandarini Dar es Salaam, ipitishwe Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani. Wakati huo sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na lami. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa vumbi, na malori mengi yaliishia makorongoni. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 shida ilipungua, kisha ikaja lami, na baadaye reli ya TAZARA.

"Tulikuwa wasichana," bibi akasema. "Tukisikia mngurumo tunakimbilia kilimani kuangalia. Lori likipita hatuonani kwa vumbi. Baba alikuwa akituchapa kwa kuchafua nguo."

Mjukuu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Tulimwona akitabasamu.

Alivyokulia

Marehemu baba wa binti huyu alikuwa fundi wa magari na pikipiki. Karakana yake ilikuwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabarani. Binti alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, akabaki kumshikia spana hadi jioni. Mavuno yakiisha na majaruba yakikauka, vijana wa bodaboda walizoea kukutana kwenye uwanja wa pembeni ya mashamba na kushindana kuzunguka. Hapakuwa na zawadi ila soda na sifa. Fundi ndiye aliyekagua breki na minyororo kabla ya mbio, na binti yake alikuwa nyuma yake.

Alipofika darasa la saba, mjomba wake anayeishi Iringa alimchukua likizo wakaenda kutazama mashindano ya magari yaliyofanyika mkoani humo. Iringa ni mji unaoyapenda mashindano hayo. Dereva Ahmed Huwel, anayejulikana nchini, ni wa huko. Mjomba alimpa simu yake apige picha. Picha zote zilitoka vumbi tupu, isipokuwa moja iliyoonyesha gurudumu la mbele limeinuka juu ya tuta. "Tangu siku hiyo," binti alituambia, "nikifumba macho naliona lile gurudumu."

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka uliofuata, kaka yake binti alianguka kwenye mbio zile zile za majaruba akavunjika mguu. Alikaa na plasta miezi mitatu na mpaka leo anachechemea kidogo. Tangu hapo mama hataki kusikia neno mashindano.

Sasa binti amemaliza kidato cha nne. Mama, kwa jasho lake shambani, ameweka akiba ya ada ya chuo cha ualimu. Binti anaomba sehemu ya akiba hiyo, thamani ya magunia saba ya mpunga, anunue kamera iliyotumika pamoja na lenzi yake. "Nimezika mume," mama alituambia jikoni, mbali na masikio ya watoto. "Nimeuguza kijana. Huyu naye nimpeleke mwenyewe barabarani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini tulimkumbuka kijana mmoja ambaye habari zake zinafaa kusimuliwa katika nyumba kama hii.

Kijana wa Dar es Salaam

Mwaka 1953 walowezi wa Kenya walianzisha mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya barabara za udongo za kila siku. Mwaka 1960 mashindano hayo yalipewa jina la Safari ya Afrika Mashariki, nayo kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Yalikuwa magumu kupita kiasi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Sisi Watanzania tunayo sababu ya kuyakumbuka, maana Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwa gari aina ya Peugeot 404.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, magari hayo yalipokuwa yakipita Dar es Salaam, kijana mmoja wa shule alikuwa akiyasubiri na kamera yake. Jina lake Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akahamia Dar es Salaam na wazazi wake. Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya boksi, tena kuukuu. Hakuwa na mwalimu maarufu wala mtaji. Alikuwa na macho na subira, na alijua gari litapita wapi. Picha za mashindano ya Safari zilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa.

Mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam, akiwa kijana wa miaka 20. Baadaye akahamia Nairobi. Mwezi Oktoba 1984 picha alizozipiga huko Korem, Ethiopia, za watu waliokuwa wakifa kwa njaa, zilionyeshwa na BBC na kuzunguka dunia nzima. Watu wa mataifa mengi walichanga fedha na chakula. Mkono uliojifunza kazi kwa kusubiri magari kando ya barabara ndio uliowaonyesha walimwengu njaa ile.

Lakini hatukuficha upande wa pili. Mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, Mohamed Amin alipoteza mkono wake wa kushoto, na mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, akafa. Mohamed alirudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Ndio ukawa mwisho wake. Mwanawe Salim aliendeleza kampuni.

Mama alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mmeniongezea hofu." Binti akasema, "Mama, yeye hakufia kwenye magari." Mama hakujibu.

Kazi yenyewe ikoje?

Wengi wetu tunadhani kupiga picha ni kubonyeza tu. Tulimwomba binti atueleze alichojifunza, na tukaona kwamba amejifunza mengi.

Gari likienda kilomita 120 kwa saa, linapita mita 33 katika sekunde moja. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, gari husogea kama sentimita tatu tu, kwa hiyo hutoka kama limegandishwa, hata mawe yaliyorushwa na magurudumu huonekana moja moja. Lakini picha ya namna hiyo inaweza kuonekana kama gari limeegeshwa. Ukiichelewesha kamera hadi sehemu moja ya sitini, gari husogea zaidi ya nusu mita. Hapo mpiga picha huligeukia gari kwa kiuno, akilifuata kwa kamera tangu mbali, na kubonyeza bila kusimamisha mwendo. Akifanya vizuri, gari hutoka safi na miti ya nyuma hutoka mistari mistari, na mtazamaji huuona mwendo. Binti hujizoeza kwa malori yanayopita Igawa. Katika picha 100, anasema, nne au tano ndizo zinazofaa.

Kisha kuna vumbi. Mpiga picha hutazama upepo kwanza na kusimama upande unakotokea, ili vumbi liende ng'ambo. Gari la kwanza hupata njia safi, la pili huja ndani ya wingu. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, vumbi hilo hilo hugeuka dhahabu. Saa sita mchana ni saa ya kupumzika. Na vumbi ni adui wa kamera: haibadilishwi lenzi uwanjani, hufunikwa kwa mfuko wa plastiki, na jioni hupigwa brashi laini.

Zamani za akina Mohamed Amin mkanda mmoja ulikuwa na picha chache, na mpaka usafishwe katika chumba cha giza kwa dawa zake hujui kama umepata au umekosa. Siku hizi picha huonekana pale pale, na huweza kutumwa gazetini kwa simu kabla gari halijapoa. Hiyo ni nafuu, lakini pia ina maana kwamba wapiga picha ni wengi na bei imeshuka. Tulimwuliza binti kama anajua hilo. Akasema anajua. Akatuambia kuwa hategemei mashindano kumlisha. Mashindano ni siku chache katika mwaka. Harusi, ubatizo na kipaimara ni kila mwezi. Tulifurahi kumsikia akisema hayo bila kuulizwa mara mbili.

Na wanawake je?

Mama aliuliza tena swali ambalo tulilitegemea: hiyo ni kazi ya mwanamke?

Akina mama, tukumbuke kwamba wanawake hawakusimama pembeni tangu zamani. Mwaka 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walishika nafasi ya tatu katika mashindano ya Safari, mbele ya wanaume wengi. Miaka ya 1970 Orie Rogo Manduli wa Kenya, aliyekuwa amewahi kuwa Miss Kenya, aliendesha katika mashindano hayo pamoja na mwanamke mwenzake, Sylvia Omino. Uganda, mwaka 2011, Susan Muwonge alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari. Kama mwanamke aweza kuushika usukani, hatuoni kwa nini asiweze kushika kamera.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna tofauti. Msichana anayesafiri na vifaa vya thamani, anayelala ugenini na kurudi usiku, ana hatari ambazo kaka yake hana. Mzazi anayeziona hatari hizo si mshamba, wala si adui wa maendeleo. Kinachotakiwa ni hatari hizo zitajwe kwa majina yake, kisha kila moja itafutiwe njia.

Hatari ya kona

Hatari nyingine ni magari yenyewe. Mwezi Machi 1986, katika mashindano ya dunia huko Ureno, gari liliacha njia likaingia katikati ya watazamaji, watu watatu wakafa na wengine wengi wakaumia. Mwaka huo huo uliamuliwa kwamba magari ya kundi lile, yaliyokuwa na nguvu kupita kiasi, yasishindane tena katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka kwisha. Tangu wakati huo sheria za usalama zimekuwa kali zaidi. Lakini sheria haimsaidii anayesimama mahali pabaya.

Hapo ndipo kijana mwenye mguu uliovunjika, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alipofungua mdomo.

"Mama," akasema, "siku ile nilipoanguka, watu wote walikuwa wamejazana upande wa nje wa kona, kwa sababu ndiko wanakoona vizuri. Pikipiki ilikwenda kule kule. Mungu alisaidia wakakimbia. Huyu peke yake alikuwa upande wa ndani, juu ya tuta. Ndiye aliyenifikia wa kwanza. Ndiye aliyenifunga mguu kwa khanga."

Mama akamgeukia binti. "Nani alikuambia usimame pale?"

"Baba," binti akajibu. "Alisema gari likishindwa kona huenda nje. Alisema nisimame ndani, juu, na nyuma yangu pawe wazi nipate pa kukimbilia. Na nisilipe gari mgongo kamwe."

Palikuwa kimya. Bibi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Baada ya kitambo mama akauliza kama picha ya siku ile bado ipo. Ilikuwepo, kwenye simu ya kaka. Mama hakuwahi kukubali kuitazama. Akaipokea, akaitazama kwa muda mrefu. Kijana ameinama kwenye kona, meno nje kwa furaha, kichwani kofia ngumu ya marehemu baba yake. Ilipigwa muda mfupi kabla ya kuanguka.

"Kofia hii ndiyo iliyomwokoa," mama akasema. Akarudisha simu.

Walivyokubaliana

Jioni mjomba aliwasili kutoka Iringa, na baba mdogo akaitwa. Sisi tulitaka kuondoka, lakini tukaombwa tukae kama mashahidi. Kikao kilichukua saa mbili, na maneno makali hayakukosekana. Baba mdogo alisema wazi kwamba fedha ya ada si ya kuchezea. Mwisho walifikia mapatano haya.

Binti atakwenda chuo cha ualimu kama ilivyopangwa, maana ada haitaguswa. Mama atatoa thamani ya magunia matatu kutoka mavuno ya mwaka huu kama mkopo, mjomba ataongeza ya mawili, na yaliyobaki binti atayatafuta kwa kupiga picha za sherehe kwa kamera ya kuazima. Mkopo utarudishwa, na utaandikwa kwenye daftari. Katika mashindano yoyote atakwenda na mjomba au kaka yake, na atalala kwa ndugu. Atajiandikisha kwa waandaaji ili asimame mahali panaporuhusiwa, na msimamizi wa njia akisema ondoka, ataondoka. Mwaka ukiisha familia itakaa tena.

Tulimwuliza mama kama ameridhika. "Naogopa bado," akasema. "Lakini kwanza nilikuwa naogopa kitu nisichokijua."

Wasomaji wapendwa, hatusemi kwamba kila mtoto anunuliwe kila anachokitaka. Huenda huyu akachoka baada ya mwaka mmoja, akabaki mwalimu mzuri mwenye kamera kabatini. Huenda akafika mbali. Sisi hatujui, na mama yake hajui. Lakini tumejifunza kuuliza kabla ya kukataza. Umejifunza nini kuhusu kazi hiyo? Itakulisha vipi? Hatari yake ni ipi, na utafanyaje? Mtoto asiyeweza kujibu bado hajawa tayari, na ni vema kumwambia hivyo kwa upole. Anayejibu, na majibu yake yakawa ya akili, anastahili kikao cha familia, si kofi wala kejeli.

Tulipoondoka alfajiri, binti alikuwa barabarani tayari na simu ya kaka yake, upande wa ndani wa kona, akisubiri malori. Mama alikuwa mlangoni na ufagio mkononi. Alituaga kwa mkono mmoja, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile kona.